Habari za Maji Bulangale

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Siku kubwa! Bwana Swaleh, mtendaji wa mji wetu mdogo, kaniita ofisini kwake asubuhi akanionyesha kiti. Kiti! Mwaka wa pili huu nafanya kazi hapa kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, sijawahi kuonyeshwa hata benchi.

Akasema wafadhili wa mradi wa Sikio la Mji wanamtuma mkaguzi kutoka Dar es Salaam wiki ijayo. Kabla hajafika, anatakiwa mtu wa kufanya tathmini. Akaniuliza kama naijua tathmini. Nikamwambia nimeisoma. Si uongo. Neno hilo nimelisoma mara nyingi sana kwenye barua zao.

Kwa faida ya atakayeokota daftari hili nikishakuwa mtu mkubwa, nieleze. Sikio la Mji ni kompyuta moja. Inakaa kwenye stoo ya zamani ya mbegu za pamba, imefunikwa shuka la maua. Kwenye kila bomba la maji la mji pametundikwa sanduku la bati. Mwananchi mwenye shida anajaza fomu, anatumbukiza. Paskazia, mchapaji wetu, anaziingiza fomu kwenye kompyuta. Kompyuta inatoa orodha ya vilivyoharibika. Fundi anakwenda kutengeneza. Ndivyo ilivyochorwa ukutani, kwa mishale myekundu.

Umeme tunapewa na jirani, Mzee Hozefa wa duka la vifaa vya ujenzi, kwa waya unaopita dirishani. Jenereta lake akilizima, na sisi tumezimika. Hulizima saa ya chakula, saa ya swala, na kila akigombana na mkewe. Fundi naye alikwenda Rwamgasa mwezi wa saba kujaribu bahati kwenye mashimo ya dhahabu. Hajarudi. Kwenye mchoro bado yupo, mwisho wa mshale, ameshika spana na anacheka.

Swaleh akamalizia kwamba tathmini ikitoka vizuri hatashangaa kitengo chetu cha Sikio la Mji kikifanywa cha kudumu, na kitengo cha kudumu lazima kiwe na mtu wa kudumu. Wakati natoka nilijitazama kwenye kioo cha dirisha. Nikamwona mtu huyo.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31. Baada ya hapo ni ajira ya kudumu, au kurudi kwa shemeji kuchunga ng'ombe ambao hawaniheshimu.

Jumanne, 7 Oktoba

Paskazia kanipa ushauri. Sikumwomba. Kasema tathmini ni jambo jepesi: nichukue orodha ya kwanza iliyotoka kwenye kompyuta, nizunguke na baiskeli, nihesabu vingapi vimetengenezwa.

Orodha yenyewe iko ukutani. Swaleh aliitia fremu siku ilipotoka, wageni waione. Ina mambo arobaini na moja. Nimehesabu kimyakimya yaliyotengenezwa. Moja. Bawaba ya mlango wa Swaleh.

Nikamwambia Paskazia kwamba tathmini ya kisasa haiulizi mabomba, inauliza watu. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyepanda juu ya paa.

Mchana nimetengeneza fomu yangu. Swali moja tu: Habari za maji? Majibu mawili: Nzuri. Si nzuri. Paskazia akauliza nafasi ya maelezo iko wapi. Nikamjibu maelezo yanachafua takwimu.

Hapa ndipo akili yangu ilipo, naandika kwa siri. Mimi nimezaliwa huku. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akiulizwa habari akaanza na ubaya. Hata msibani. Habari za hapa? Nzuri, ila baba hatunaye. Habari za safari? Nzuri, ila gari lilipinduka. Ndiyo adabu. Kwanza nzuri, halafu ila, na baada ya ila ndipo mtu anapotoa mzigo wake wote.

Fomu yangu haina ila.

Jumatano, 8 Oktoba

Kazi imeanza. Nyumba mia mbili, siku mbili, baiskeli moja.

Nimeanzia bomba la Mnadani, kwa Mama Mihayo. Yeye ndiye mlinzi wa bomba hilo na mwenyekiti wa kamati ya maji. Anauza uji na karanga palepale. Nikamwamkia. Marahaba. Kisha kwa Kisukuma: mwangaluka? Mwangaluka. Za nyumbani? Za mifugo? Za watoto? Tukamaliza ukoo mzima. Nikachomoa kalamu: habari za maji?

Akasema nzuri, mwanangu, ila tangu...

Nikapiga tiki, nikafunga daftari. Aliendelea kuusimulia mgongo wangu. Eti wiki ya tatu hawajaona tone, eti wanachota lamboni pamoja na ng'ombe, eti fomu za kwenye sanduku wamejaza mpaka wamechoka, sasa anazifungia karanga. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba nimeshamaliza. Akauliza nimemaliza nini, na yeye hajaanza!

Watu wa kawaida hawaelewi utaalamu.

Mpaka saa nane nyumba tisini. Wote nzuri. Kuna mzee alisema nzuri huku anakamua tope kwenye kitambaa apate maji ya kunywa kuku. Tiki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jumla: mia moja tisini na nne wamesema nzuri. Wanne sikuwakuta. Mmoja ana mbwa. Mmoja ni Mzee Hozefa.

Huyu Hozefa! Nimemkuta dukani kwenye kiti chake, madumu mapya yamepangwa mpaka barabarani. Tangu bomba likauke anauza madumu kama maandazi. Habari za maji, Mzee? Mbaya. Nikadhani hakusikia. Habari za biashara? Mbaya sana. Mkewe, Bi Gulnar, akasema kutoka nyuma ya kaunta kwamba ameolewa miaka thelathini, biashara mbaya miaka yote thelathini, na kila baada ya miaka mitatu wanaongeza stoo.

Nikamsihi Mzee abadilishe kidogo, kwa ajili ya mji. Akakataa. Akasema mfanyabiashara akitamka nzuri leo, kesho mtu wa kodi anavuta kiti. Tena akaongeza kwamba umeme wake tunautumia bure, kwa hiyo hata kuulizwa hataki.

Nimeandika si nzuri. Mmoja. Nilipofikiri sana nikaona ni afadhali. Asilimia mia ingetiliwa shaka. Asilimia tisini na saba inapendeza, kama nguo yenye kiraka kimoja cha heshima.

Ijumaa, 10 Oktoba

Paskazia kagoma kuchapa ripoti yangu. Kasema vidole vyake vina dini. Mwanamke ana maneno!

Nikachapa mwenyewe, kwa kidole kimoja. Kurasa nne, tangu saa mbili asubuhi. Nimebakiza sentensi ya shukrani, Mzee Hozefa akaenda kuswali Ijumaa. Jenereta kimya. Kompyuta ikasahau yote. Nikapiga kelele. Paskazia akaniambia kwa upole uliojaa furaha kwamba mashine hii haikumbuki kitu mpaka uiamuru ikumbuke.

Nikaanza upya. Safari hii nikaongeza mambo. Nimeandika kwamba maji ya bomba la Mnadani ni ya zamu, hivyo mgeni akiona pakavu asishtuke, zamu haijafika. Sentensi nzuri sana. Nimeisoma mara tatu kwa sauti.

Swaleh kasaini bila kusoma. Akaniita Bwana Pantaleo. Bwana!

Jumatatu, 13 Oktoba

Mkaguzi kafika. Bi Samia. Nilitegemea mzee mwenye tai, kumbe mama mwembamba mwenye miwani na viatu vya kutembelea. Viatu hivyo sikuvipenda tangu mwanzo.

Kaisoma ripoti yote, hata kurasa za katikati. Akauliza mbona njiani kapishana na punda wengi wamebeba maji. Nikamwambia ni punda wa mazoezi. Swaleh akakohoa. Akauliza kwa nini swali ni moja. Nikasema mwananchi wetu ana shughuli nyingi. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Sikuweza kukisoma. Kilikuwa kirefu.

Halafu akafunga ripoti, akanipa mkono. Akasema asilimia tisini na saba ni maajabu, hajaiona popote tangu aanze kazi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikaanza kuwaza meza yangu ya kudumu ikae upande gani, dirishani au mlangoni.

Akaendelea. Akasema mahali ambapo watu wameridhika kiasi hiki, mradi umemaliza kazi yake. Kompyuta itahamishiwa mji mwingine, upande wa Geita, kwenye shida. Kitengo cha hapa kitafungwa tarehe 31. Akasema kwa masikitiko kidogo kwamba kama wangeridhika chini ya nusu, angependekeza miaka miwili zaidi, na afisa wa kudumu.

Swaleh akakohoa tena. Paskazia akatazama dari kama anahesabu utando wa buibui.

Sikuanguka. Nilishika kiti. Nikamwomba Bi Samia nafasi ya kuhakiki takwimu, kwa kuwa mtaalamu wa kweli huwa na wasiwasi. Akakubali haraka mno. Akasema atazunguka mwenyewe kuangalia, na Alhamisi ndipo atasaini.

Nina siku mbili za kupata malalamiko mia moja. Rahisi! Mji mzima unalalamika tangu ulipoanzishwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Kwa Mama Mihayo, saa moja asubuhi. Shikamoo. Marahaba. Habari za maji? Nzuri. Nikasubiri na kalamu hewani. Yeye akakoroga uji. Nikamsaidia: nzuri, ila...? Akasema hakuna ila. Nikamwambia, Mama, nakusihi, sema tu kidogo. Akasema wiki iliyopita alikuwa nayo ila ndefu kama reli ya Tabora, lakini mwenyewe niliipa mgongo, sasa ameshaimeza. Akina mama waliokuwa wakinywa uji wakacheka mpaka wakapaliwa.

Kwa Mama Zamoyoni, nyuma ya msikiti: nzuri kupita kiasi. Kasema hivyo huku anaosha sahani kwa mchanga.

Kwa yule mzee mwenye kuku: kasema siku ile mimi nilikuwa na haraka, leo yeye ndiye mwenye haraka. Alikuwa amelala kwenye jamvi.

Habari zimekimbia mbele yangu. Kila nilikopita watoto wanaimba nzuri, nzuri, nzuri. Nyumba arobaini. Hata moja!

Nikajifariji: mmoja ninaye tayari. Nikaenda kwa Mzee Hozefa nimshike imara, angalau asaini. Akanikaribisha kwa chai. Dalili mbaya. Habari za maji, Mzee? Akasema nzuri sana, andika, andika kwa herufi kubwa! Amesikia kwamba maji yakiwa mazuri kompyuta inaondoka, na ikiondoka waya unang'olewa dirishani kwake. Bi Gulnar akasema hii ni mara ya kwanza katika ndoa yao kusikia neno hilo. Alitaka kulia.

Niliondoka asubuhi na asilimia tisini na saba. Nimerudi na tisini na saba na nusu.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo ningependa isiandikwe, lakini shajara ni shajara.

Wazo lilinijia nikiwa naoga kwa kikombe. Bi Samia anazunguka na gari. Bomba kavu halionekani ukiwa kwenye gari, linafanana na bomba lililofungwa. Tena mimi mwenyewe nilishaandika kwamba ni zamu. Lakini bomba lililong'olewa koki, likaachwa wazi kama kinywa cha kibogoyo! Hilo linaonekana hata na mpita njia. Mkaguzi hawezi kusaini mbele ya kitu kama hicho.

Jumatano ni siku ya mnada. Watu wote wako kwenye ng'ombe na mitumba. Nikaazima spana kwa Bi Gulnar, nikamwambia ni ya baiskeli. Saa sita kamili nikafika bombani. Hakuna mtu! Madumu tu, kama arobaini hivi, ya njano na meupe, kila moja na alama ya mwenyewe, yamepanga foleni iliyonyooka. Wiki ya nne sasa yamesimama pale, mbele ya bomba lisilotoa kitu, kwa sababu huku mtu haachi zamu yake. Mwenyewe anaweza kwenda shamba, anaweza kwenda kuzaa, dumu linabaki kwenye mstari.

Nilitaka kupiga goti. Dumu la kwanza likanizuia. Nikalisogeza kwa mguu, kidogo tu, upana wa kiganja.

Loo! Walitokea wapi? Sikuona hata mmoja, ghafla wakawa thelathini. Kutoka nyuma ya ukuta wa ghala, chini ya mikokoteni, wengine na nguo za mnadani mikononi. Nani kagusa dumu langu? Nani kanivurugia foleni? Mwanamke mmoja alikuwa na mwichi wa kutwangia. Nikaona maisha yangu yote, hayakuchukua muda.

Mama Mihayo ndiye aliyeiona spana. Akainua mkono. Nyamazeni! Jamani, fundi amekuja!

Wakanyamaza. Halafu vigelegele. Mmoja akasema kumbe fomu zile zinasomwa. Mwingine akasema tumemcheka bure huyu mwana, kumbe alikuwa anapima. Nikaletewa kigoda. Nikaletewa uji, bakuli kubwa. Ningesema nini? Kwamba nimekuja kuwaharibia? Mwichi ulikuwa bado uko karibu.

Nikafungua koki. Taratibu, nikingoja waitwe mahali pengine. Hakuna aliyeondoka. Koki ikatoka. Kavu. Wakaniambia nichokonoe. Nikapewa waya wa senyenge. Nikachokonoa, nikatoa tope, nikatoa kipande cha gunia la katani, nikavuta tena, akatoka chura. Mzima! Ametulia, amenenepa. Mji mzima wa Bulangale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameridhika na huduma.

Nyuma ya chura yakaja maji. Yalinipiga kifuani, nikakaa chini. Wiki tatu na siku kadhaa za maji, yote kwangu.

Kelele zile zilifika mnadani. Zilifika pia kwa Bi Samia, aliyekuwa anapita na gari, Paskazia kando yake akimwonyesha mji. Akashuka na kamera. Kanipiga picha nikiwa kwenye tope na spana mkononi, Mama Mihayo kanikumbatia shingo akinishukuru wabeja, wabeja, huku madumu yanajaa kwa mpangilio, moja baada ya jingine, bila ugomvi. Bi Samia akasema kweli alikuwa na shaka kubwa na ripoti ile, lakini sasa ameona kwa macho yake.

Akasaini juu ya boneti. Siku moja kabla.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kompyuta imefungwa ndani ya shuka lake la maua, imepakiwa. Paskazia anakwenda nayo. Bi Samia kampa kazi kule, ya kudumu, msimamizi wa kitengo. Kumbe wakati mimi nahangaika na asilimia, yeye alimpa mgeni nakala ya fomu zote za kwenye masanduku, zile ambazo hazikufungiwa karanga, na maelezo yake yote. Bi Samia kamwambia watu wanaosoma maelezo ni wachache.

Paskazia kaniaga vizuri. Kasema nina mkono wa ufundi. Nikaona ni kejeli. Nimemwombea safari njema kwa sauti isiyo na baraka nyingi.

Mzee Hozefa kavuta waya wake mwenyewe, akiimba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kamati ya maji imekuja nyumbani kwangu. Akina mama saba, kanga mpya, Mama Mihayo mbele. Nilidhani wamegundua.

Hawakugundua. Walikuwa na ombi. Mji una mabomba kumi na mawili, saba yameziba. Wamekwenda kwa Swaleh, wakakaa kwenye sakafu ya ofisi yake kuanzia asubuhi mpaka akakubali: kamati iajiri fundi wake. Si miezi mitatu mitatu. Ajira ya kudumu, barua yenye muhuri, na chumba kile cha kando ya tangi la maji bila kodi. Na fundi wanayemtaka ni mimi. Mama Mihayo akasema hawataki mwingine, mkono wangu una baraka.

Nikauliza kama kuna meza. Wakatazamana. Wakasema kuna spana.

Nikawajibu kwa heshima, maana sipendi kuumiza watu. Nikawaeleza kwamba mimi ni mtathmini. Mtu aliyetathmini mji mzima hawezi kurudi kuchokonoa matope! Na kwa sasa, nikawaambia, ninachotafuta ni nafasi ya uhakika, isiyo ya kubahatisha, nimechoka na vibarua.

 Mama Mihayo akajifunga kanga upya. Kisha akawaambia wenzake twendeni jamani, huyu jua la Oktoba limemwingia. Kazi wamempa mwanawe, Mihayo, ambaye hajawahi kuandika hata ripoti moja. Masikini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandikia stendi. Nakwenda Rwamgasa. Nimesikia wachimbaji wamechanga wakanunua mashine ya kuvuta maji kwenye mashimo, na mpaka leo hakuna aliyewatathminia. Watu wanaishi gizani!

Lori ni la Jashvant, mfanyabiashara wa dagaa wa Kahama. Dereva anauliza kila abiria kazi yake. Fundi yeyote anakaa mbele, bure, kwa sababu lori hili huharibika njiani kila likipita Segese na anataka mtu wa kumsaidia. Zamu yangu ilipofika akatazama mikono yangu, bado ina michubuko ya koki, akanifungulia mlango wa mbele. Akasema karibu, fundi.

Nikamsahihisha palepale.

Niko juu ya magunia ya dagaa. Upepo ni mwingi, harufu inatosha kwa watu kumi. Lakini kutoka huku juu nimeona jambo: huyu dereva anapanga mizigo ovyo kabisa, bila utaratibu wowote. Nimeshaanza kumwandalia fomu.